Senti 38 kwa Kila Mmarekani: Hesabu ya Kujitoa WHO

Jumatatu ya tarehe 20 Januari 2025, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alikaa mbele ya waandishi wa habari pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kwamba mkoani Kagera amepatikana mgonjwa wa virusi vya Marburg. Siku sita kabla, WHO ilikuwa imetoa taarifa ya watu wanaoshukiwa kuugua, na Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Kutoka kauli hiyo hadi mkuu wa nchi kulitamka jambo kwa kinywa chake mwenyewe kuna safari, na safari hiyo haikuendeshwa na fedha. Tedros alitangaza dola milioni 3 za dharura, juu ya dola 50,000 zilizokwishatolewa. Kwa bajeti ya afya ya nchi yoyote hizo ni chenji. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, wagonjwa wote kumi, waliothibitishwa na waliodhaniwa, wakiwa wamefariki.

Siku hiyohiyo ya Dodoma, Washington, Donald Trump alisaini amri ya kuitoa Marekani katika shirika hilo. Notisi ya mwaka mmoja ikaanza kuhesabiwa tarehe 22 Januari, na tarehe 22 Januari 2026 Marekani ikatoka rasmi. Mengi yamesemwa kuhusu vifo vitakavyotokana na kukauka kwa fedha za Marekani, na yanastahili kusemwa. Hapa nataka kupiga hesabu nyingine, ambayo haina huruma ndani yake: je, kwa maslahi yake yenyewe, Marekani imeokoa shilingi ngapi, na imeuza nini?

Tuanze na ada ya uanachama. Kila nchi hupangiwa kiwango kulingana na uchumi wake, na Marekani ilipangiwa juu kuliko wote, asilimia 22. Kwa miaka ya 2024 na 2025 ada hiyo ilikuwa takribani dola milioni 130 kwa mwaka. Gawanya kwa Wamarekani milioni 340, unapata senti 38 kwa kila mtu. Lakini ada siyo mchango wote. Katika miaka miwili ya 2022 na 2023, ukijumlisha ada na michango ya hiari, Marekani ilitoa dola bilioni 1.284, yaani milioni 642 kwa mwaka. Hapo kila Mmarekani anakuwa ametoa dola moja na senti 89. Serikali ya Marekani ilitumia karibu dola trilioni 6.75 mwaka wa fedha 2024. Katika kila dola mia moja zilizotoka hazina, WHO iliambulia senti moja, pungufu kidogo.

Upande wa pili senti hiyo ilikuwa mlima. Ujerumani, iliyofuata kwa michango, ilitoa dola milioni 856 katika miaka hiyo miwili, na wakfu wa Gates milioni 830. Marekani ilipotoka, bajeti ya 2026 na 2027 iliyopendekezwa kuwa dola bilioni 5.3 ilikatwa hadi bilioni 4.2. Idara za makao makuu zilishushwa kutoka 76 hadi 34, viongozi wa juu kutoka 14 hadi 7, na karibu robo ya wafanyakazi wakajua hawatabaki. Katika mkutano mkuu wa Mei 2025 Tedros aliwaambia wajumbe kwamba bajeti hiyo mpya, dola bilioni 2.1 kwa mwaka, ni sawa na matumizi ya kijeshi ya dunia nzima kwa saa nane. Nilichukua takwimu za taasisi ya SIPRI ya Stockholm, ambayo kwa mwaka 2024 iliweka matumizi hayo kwenye dola trilioni 2.718, nikagawanya: hata saa saba hazifiki. Mkurugenzi alikuwa mpole.

Sasa, fedha za WHO zina tabia moja ambayo bila kuielewa huwezi kuelewa ushawishi. Ziko za aina mbili. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anazijua. Kuna mwanakamati anayempa mweka hazina fedha zake na kunyamaza. Kuna mwingine anayesema: mimi nalipia keki na ukumbi, na ukumbi ni ule wa shemeji yangu. Ada ya uanachama ni fedha za yule wa kwanza, na katika WHO zimeshuka hadi chini ya moja ya tano ya mapato yote. Zilizobaki ni za keki na ukumbi: hizi za polio tu, hizi za dharura tu, hizi za nchi fulani tu. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kupandisha ada polepole hadi ifike nusu ya bajeti ya msingi ifikapo 2030 na 2031, na Mei 2025 zikapitisha nyongeza ya asilimia 20. Hiyo ni njia ya kistaarabu ya kusema kwamba zimechoka kuchaguliwa ukumbi.

Kwa hiyo dola za Marekani zilinunua mambo mawili tofauti. Michango ya hiari ilinunua ajenda: kipi kifanyike kwanza, kipi kisubiri. Ada ilinunua kiti. Na kiti cha Marekani kilikuwa na kura moja, uzito uleule wa kura ya Tanzania, ambayo kiwango chake cha ada kwa 2024 na 2025 kilikuwa asilimia 0.01, jumla isiyofika dola laki moja kwa mwaka. Mei 2025, nchi hiyohiyo ya asilimia 0.01 ilimtoa Mohamed Janabi kuwa mkurugenzi wa WHO kanda ya Afrika, kwa kura 32 kati ya 46, baada ya Faustine Ndugulile, Mtanzania mwenzake aliyekuwa amechaguliwa Agosti 2024, kufariki kabla hajaapishwa. Mabalozi walizunguka, wakaomba, wakaahidiana. Kura hizo hazikuwa na bei ya dola.

Lakini tusijidanganye kwamba fedha hazikuwa na nguvu. Februari 2020, virusi vya korona vikiwa bado habari ya Wuhan, China haikuwa tayari kuwapokea wataalamu wa serikali ya Marekani waje peke yao. Walipoingia, akiwemo Clifford Lane kutoka taasisi za taifa za afya za Marekani, waliingia ndani ya msafara wa WHO. Beji ya Geneva, yaliko makao makuu ya WHO, ilifungua mlango ambao pasipoti ya Marekani haikuweza kuufungua. Ndiyo faida ya kuwa mlipaji mkubwa aliyemo ndani: watu wako wamejaa kwenye kamati, maabara zako ni vituo vya rejea, na habari ya mlipuko inakufikia ikiwa bado ya moto.

Nguvu hiyo ina mipaka, na ilikuwa nayo hata siku za neema. Mwaka 1981, katika mkutano mkuu wa WHO, kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa ya kopo ya watoto zilipigiwa kura 118 za ndiyo dhidi ya moja ya hapana. Hiyo moja ilikuwa ya Marekani, mlipaji mkubwa kuliko wote ukumbini.

Malalamiko ya Trump yana hesabu yake pia, na hesabu hiyo haina makosa. Amri yake ilisema China, yenye watu bilioni 1.4, inachangia pungufu kwa karibu asilimia 90. Nimeipima. Katika 2022 na 2023 China ilitoa takribani dola milioni 157, yaani chini ya milioni 80 kwa mwaka dhidi ya 642 za Marekani. Pungufu ni asilimia 88. Kosa liko kwenye kilichoachwa nje. Ada haipangwi kwa wingi wa watu bali kwa uchumi, na hapo China imepanda kwa kasi: mwaka 2000 kiwango chake Umoja wa Mataifa, ambacho WHO hukifuata, kilikuwa takribani asilimia 1, leo ni asilimia 20. Marekani nayo, ambayo uchumi wake ni karibu robo ya uchumi wa dunia, imewekewa kikomo cha asilimia 22. Kikomo hicho hakikuanguka kutoka mbinguni. Desemba 2000 balozi wa Marekani huko Umoja wa Mataifa, Richard Holbrooke, alibembeleza, akashinikiza, akazunguka nchi moja baada ya nyingine hadi wakakubali kukishusha kutoka asilimia 25. Pengo la mwaka wa kwanza likazibwa na tajiri Ted Turner, aliyetoa dola milioni 34 kutoka mfukoni mwake. Punguzo lile Marekani ililipata kwa sababu ilikuwa mezani, na wenzake walijua kesho yake itakuwepo tena.

Ilipoondoka, nani alikaa? Mei 2025 naibu waziri mkuu wa China, Liu Guozhong, alisimama Geneva akaahidi dola milioni 500 kwa miaka mitano. Vyombo vya habari viliandika kwamba China inaziba pengo. Haizibi. Milioni 500 kwa miaka mitano ni milioni 100 kwa mwaka, haifiki hata moja ya sita ya zile 642. Ila ukitazama kwa jicho la mfanyabiashara, Beijing imepata bidhaa kwa bei ya jioni ya soko, wachuuzi wakiwa wanafunga. Bila kujaza pengo, na kwa kulipa tu ada iliyokwishapangiwa, imekuwa mlipaji wa kwanza wa ada miongoni mwa waliobaki. Mwaka mmoja kabla, nafasi hiyo isingepatikana kwa bei hiyo.

Siku hizohizo za Mei, tarehe 20, mkutano mkuu ulipitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko, uliojadiliwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Siku moja kabla, kwenye kamati, ulikuwa umepata kura 124 za ndiyo, hakuna ya hapana, 11 hazikuegemea upande wowote. Ndani ya mkataba huo kuna kipengele kinachowahusu moja kwa moja watengenezaji wa chanjo na dawa: watakaojiunga na mfumo wa kugawana vimelea watalenga kutenga asilimia 20 ya uzalishaji wao kwa ajili ya WHO wakati wa janga, na angalau nusu ya hiyo iwe ya bure. Baadhi ya viwanda vikubwa kabisa vya dawa duniani viko Marekani. Kanuni zinazogusa viwanda hivyo zikakamilishwa na kupitishwa bila mwakilishi wake kuwepo. Waziri wa afya Robert F. Kennedy Jr. alituma hotuba ya video.

Washington haijaacha diplomasia ya afya. Imehamia duka jingine. Septemba 2025 ilitangaza mkakati wa afya wa “Marekani Kwanza”, ambao badala ya kupitia mashirika ya kimataifa na asasi zisizo za serikali, unafunga mikataba na nchi moja moja. Ya kwanza kusaini ilikuwa Kenya, tarehe 4 Desemba 2025, Musalia Mudavadi wa Kenya na Marco Rubio wa Marekani wakitia saini na Rais William Ruto akishuhudia. Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850 zake. Siku chache baadaye ikafuata Uganda: hadi bilioni 1.7 kutoka Marekani, na zaidi ya milioni 500 za nyongeza kutoka Kampala.

Gawanya kwa mitano. Kenya ni dola milioni 320 kwa mwaka, Uganda milioni 340. Nchi mbili, jumla milioni 660 kwa mwaka. Shirika zima la WHO, lililokuwa na wanachama 194, lilikuwa likipata 642 kutoka Marekani.

Najua mhasibu makini atanikata hapa, na ana haki. Fedha za Kenya na Uganda ni za dawa za kufubaza makali ya VVU, malaria, kifua kikuu, mishahara ya wahudumu. Ni huduma ambazo Marekani ilikuwa ikizilipia tangu mpango wake wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, uanze mwaka 2003, tena kwa kiasi kikubwa zaidi ya hiki. WHO hainunui vidonge vya Wakenya. Kwa hiyo silinganishi bidhaa na bidhaa. Ninacholinganisha ni kile ambacho mtoa fedha anakitaka upande wake. Mkakati wenyewe haufichi: unataka Marekani iwe ya kwanza kujua ugonjwa ulipoibuka, ipate taarifa, ipate kuuzuia kabla haujavuka bahari. Na hicho ndicho kanuni za afya za kimataifa zinazosimamiwa na WHO zilikuwa zikiipa. Chini ya kanuni hizo nchi 196 zina wajibu wa kutoa taarifa ya tukio la hatari ndani ya saa 24 baada ya kulitathmini. Huo ni wajibu wa kila mmoja kwa wote. Hakuna serikali inayoweza kutuhumiwa na wananchi wake kwamba imeuuza kwa mtu fulani.

Mkataba wa nchi mbili hauna kinga hiyo. Tazama kilichotokea Nairobi. Tarehe 11 Desemba 2025, wiki moja kamili baada ya saini, Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wa sehemu ya mkataba inayohusu kupeleka taarifa za wagonjwa nje ya nchi, baada ya watetezi wa haki za walaji kufungua shauri. Mitandaoni Wakenya waliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza kuhusu taarifa zinazokwenda Geneva: rekodi yangu ya hospitali inakwenda kwa nani, na yeye atafanya nayo nini? Taarifa ilikuwa ileile ya afya. Aliyebadilika ni mpokeaji.

Hapo ndipo gharama halisi ilipo kwa maoni yangu. Ombi la Marekani likipita kwenye shirika la wote, linakuwa kanuni. Likienda peke yake, linakuwa shinikizo, na kila nchi inakuwa na mahakama yake, wanasheria wake, upinzani wake bungeni na bei yake. Kufikia mwisho wa 2025 Marekani ilikuwa imesaini na nchi za Afrika zaidi ya kumi. Kila moja ni meza ya mazungumzo ya pekee yake.

Kwingine kutoka hakukuwa kwa namna moja. Gavi, muungano wa chanjo, ulipoteza takribani dola milioni 300 kwa mwaka, kama asilimia 13 ya bajeti yake, Kennedy alipotangaza Juni 2025 kwamba Marekani haitatoa tena. Gavi ilitafuta bilioni 11.9 ikapata ahadi za zaidi ya bilioni 9. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria umeahidiwa na Marekani dola bilioni 4.6, kutoka bilioni 6 za awamu iliyopita. Pale imepunguza lakini imebaki bodini. Anayedhani Washington haijui thamani ya kiti atazame hapo.

Na wasomaji wa historia watakumbuka kwamba Marekani siyo dola kubwa ya kwanza kufunga mlango huu. Februari 1949 Muungano wa Kisovieti ulitangaza kujitoa WHO, na washirika wake wa Ulaya Mashariki wakafuata. Katiba ya WHO haina kifungu cha kujitoa, kwa hiyo shirika likawahesabu kuwa wanachama wasioshiriki. (Marekani yenyewe inaweza kutoka kwa sababu ilijiwekea haki hiyo ilipojiunga mwaka 1948, kwa sharti la notisi ya mwaka na kulipa ilichodaiwa.) Wasovieti wakiwa nje, ajenda ikawa ya Wamarekani: mwaka 1955, mkutano mkuu ulipokaa Mexico City, ulizindua kampeni ya kutokomeza malaria kwa DDT, ikibebwa zaidi na fedha za Marekani.

Wasovieti walirejea katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1958 mkutano mkuu ulifanyika Minneapolis, ndani ya Marekani kwenyewe, na naibu waziri wa afya wa Kisovieti, Viktor Zhdanov, akasimama hapo akapendekeza dunia iitokomeze ndui. Nchi yake ikaleta dozi milioni 25 za chanjo. Kampeni kubwa ilipoanza 1967 iliongozwa na Mmarekani, D. A. Henderson, kwa chanjo nyingi za Kisovieti, na mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Gharama ya kimataifa kwa miaka yote hiyo ilikuwa kama dola milioni 100. Malaria, iliyopewa fedha nyingi zaidi, bado tunayo. Moscow haikulipa zaidi ya Washington. Ilirudi, ikaja na pendekezo na chanjo.

Njia ya kurudi kwa Marekani ipo pia, lakini ratiba haiisubiri. Trump alikwishatoa notisi kama hii Julai 2020, na Joe Biden akaifuta siku ya kwanza ofisini, tarehe 20 Januari 2021, kabla haijakomaa. Safari hii imekomaa, na nyuma yake limebaki deni la ada ya 2024 na 2025, takribani dola milioni 260, ambalo Washington imesema sheria hailazimishi kulilipa ndipo itoke. Muhula wa Tedros unakwisha Agosti 2027. Mei mwaka huo nchi wanachama zitamchagua mrithi wake kwa kura ya siri, nchi moja kura moja, na mrithi huyo atakaa miaka mitano, hadi 2032. Muhula wa Trump unakwisha Januari 2029. Rais ajaye wa Marekani hata akisaini barua ya kurejea asubuhi ya kuapishwa, ana miaka mitatu na nusu ya kufanya kazi na mkurugenzi ambaye nchi yake haikumpigia kura ya ndiyo wala ya hapana.